Matangazo tu hayamfungi mtu
Eti wateja wa Apple hawahami kwa sababu ya matangazo matamu, toka lile la 1984 mpaka mabango ya picha walizopiga wateja wenyewe kwa iPhone. Mi nabisha. Tangazo linakuleta dukani tu, kinachokufunga ni vitu vidogovidogo, saa yao haiungani kabisa na simu ya Android so ukihama inabaki pambo mkononi, picha zako zote ziko iCloud (hifadhi yao ya mtandaoni), meseji zako zilizokuwa bluu zinageuka kijani kwenye iPhone za washkaji, na hata walivyoleta RCS 2024, ule mfumo wa kutumiana meseji kati ya iPhone na Android, ile rangi ya kijani wakaiacha vilevile (makusudi kabisa, msitudanganye). Simu zenyewe nzuri, sikatai. Ila nyie mnaozitumia, mnabaki kwa mapenzi au mnaogopa usumbufu wa kuhama?