Daktari, Upo?

Hebu niambieni, jamani. Mtu anayekupigia simu saa kumi na mbili na robo asubuhi ya Nane Nane na kukuuliza "Daktari, upo?" anategemea umjibu nini? Nipo. Nisingekuwepo ungekuwa unaongea na nani?

"Leo sikukuu, mzee wangu."

"Ndiyo maana nimekupigia. Siku nyingine mimi sipo nyumbani."

Mbwa wa Dar es Salaam hawaugui sikukuu, msidanganyike. Wanaugua Jumatatu na Jumanne kama viumbe wengine. Ila mwenye mbwa anatoka saa kumi na moja kuwahi foleni, anarudi usiku, mbwa anamsikia sauti tu pale getini. Ikifika sikukuu ndipo wanapoonana ana kwa ana, na mtu anashtuka: "He! Kumbe amekonda hivi!" Namba yangu inatafutwa kabla hata chai haijachemka.

Na kinachoniuma zaidi ni hadhi. Hii ni sikukuu ya wakulima na wafugaji, siku yetu kabisa. Wenzangu niliosoma nao udaktari wa mifugo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, miaka mitano, tukipasua mizoga pamoja, wako uwanjani kule Morogoro, kofia mpya, fulana mpya, wanapiga picha na madume ya ng'ombe yaliyooga kuliko mimi. Mimi niko kwenye bajaji na begi mapajani, naelekea Mbezi kumwona mgonjwa anayeitwa Jenerali.

Nimefika. Nyumba imejaa wageni, pilau iko jikoni, viti vya plastiki vimepangwa uani. Shikamoo huku, marahaba kule. Mzee ananieleza: Jenerali hajala siku ya tatu, na yeye ana uhakika kawekewa sumu na jirani wa upande wa kushoto. Nikamwangalia Jenerali chini ya mwembe. Chotara wa Kijerumani, kichwa kama ndoo.

"Sawa mzee, mshike nimpime."

"Nani, mimi?"

"Si mbwa wako?"

"Ni wangu. Lakini hatujazoeana kiasi hicho."

Wageni kumi na moja, hakuna wa kumshika. Anayemlisha, anayemwogesha na anayemwambia kaa akakaa ni dada wa kazi, na dada kapewa likizo ya sikukuu, yuko Korogwe kwao tangu siku tatu zilizopita. Mnaona hesabu inavyokwenda? Mimi niliiona. Mzee bado alikuwa anaangalia ukuta wa jirani.

Mama mwenye nyumba ndiye mwenye akili pale. Akampigia dada, akaweka spika, akaisogeza simu kwa ncha ya fimbo ya ufagio mpaka karibu na sikio la mbwa. Ikatoka sauti nyembamba ya Korogwe: "Jenerali! Mwanangu! Hebu kaa!"

Jenerali akakaa. Naapa. Akakaa kama mtoto wa madrasa.

Nikasogea. Nikafunua masikio: kupe wamejipanga kama abiria wa mwendokasi saa kumi na mbili jioni. Ufizi umepauka. Nikaingiza kipimajoto kule kinakoingizwa, huku dada akimbembeleza, "tulia baba, daktari anakupima." Nyuzi 40.6! Mbwa mzima hucheza kwenye 38 na 39. Nikakiacha kidogo kihakikishe, nikafungua begi nitoe bandeji ya kumfunga mdomo ili nimchome sindano na kumtoa damu ya maabara.

Simu ikakatika. Salio limekwisha.

Jenerali akageuza kichwa taratibu. Akaniangalia mimi, akaangalia sindano, akahisi na kile kitu kilichoko nyuma. Nasema hivi: mimi ni msomi, nina leseni, nina koti jeupe lenye jina langu kifuani. Sikumbuki nilivyopanda mnara wa tenki la maji. Nakumbuka tu niko juu, na mzee yuko ndani ya gari kajifungia, vioo juu, ananionyesha kwa ishara kwamba nitulie.

"Nani ana dakika?" mama anauliza wageni. Watu kumi na moja, wote wana bando la intaneti, hakuna mwenye dakika hata moja! Mzee, kule ndani ya gari, akamtumia dada ujumbe wa "nipigie tafadhali". Mshahara wa yule binti ungekuwa wangu, ningelia. Lakini akapiga.

"Jenerali, mwache daktari ashuke." Akalala chini. "Kwani kala?"

"Hajala tangu uondoke."

"Mnamwekea chakula kwenye sahani ipi?"

"Ya bluu."

"Ya bluu ni ya maji!"

Nikamchoma sindano, nikachukua damu, nikaandika dawa za homa ya kupe, nikachomoa kipimajoto changu kwa heshima. Shangazi mmoja akanifuata na mguu wake, akidai goti la mbwa na la mtu ni goti tu. Kwenye malipo mzee akashuka garini akiwa na hoja: "Daktari, mbwa katulizwa na simu, na simu kapiga dada. Wewe nikupe nusu." Nusu nyingine nikafungiwa pilau kwenye kopo la aiskrimu.

Tabata, kitoto cha mbwa kinaharisha damu, chanjo "alipata, aliyeniuzia alisema." Dripu. Kimara, mifupa ya kuku. Sinza, mama anataka kujua kwa nini mbwa wake anakoroma, kalala, basi.

Saa kumi jioni simu nyingine. "Daktari, upo? Njoo utuangalie mbwa kama ana kichaa." Kafanya nini? Kamng'ata mtoto. Lini? Jana jioni. Mtoto yuko wapi? Anacheza. Mmemwosha kidonda? Tumempaka mafuta ya taa. Nikamwambia aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha ambebe mtoto hospitali sasa hivi akaanze chanjo.

"Leo sikukuu, daktari. Hospitali watakuwepo kweli?"

Hapo nilipiga kelele bajaji nzima ikageuka. Mimi wa mbwa mnanitoa kitandani alfajiri, kwa mtoto ndiyo mnakumbuka sikukuu? Kichaa kikishaonyesha dalili hakina dawa, kwa mbwa wala kwa mtu! Na mbwa mwenyewe chanjo ni mara moja kwa mwaka, sindano moja, haizidi bei ya kuku wa Krismasi, na hamjampa hata mara moja! Sikukata simu mpaka niliposikia geti lao likifunguliwa na mtoto akiuliza wanakwenda wapi.

Nimefika nyumbani, pilau imepoa. Kuna picha imeingia kutoka Morogoro: mwenzangu na dume lenye utepe shingoni, wote wawili wanatabasamu. Nikaikuza. Kwato za mbele zimerefuka, zinataka kupunguzwa tangu mwezi uliopita. Nikamwandikia. Kasoma, kanyamaza.