Ukisomea usimamizi wa biashara, chagua meza yako mapema

Shahada ya usimamizi wa biashara haimtoi mtu chuoni akiwa meneja. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowaumiza wahitimu wengi. Wanamaliza miaka yao mitatu au minne, wanatafuta matangazo ya kazi za umeneja, na kila tangazo linadai uzoefu wa miaka kadhaa. Aliyesomea uhasibu anajua aombe kazi ya uhasibu. Aliyesomea usimamizi anaomba kila kitu, na barua yake inasomeka kama ya mtu asiyejua anachotaka.

Sikubaliani na wanaosema shahada hii ni dhaifu. Ina upana ambao shahada nyingi hazina: uhasibu, uchumi, takwimu, sheria ya biashara, masoko, rasilimali watu, ununuzi na ugavi, uzalishaji, na mwishoni mikakati. Tatizo ni mwanafunzi kuugusa upana huo wote kidogo kidogo bila kuzama popote. Kabla mwaka wa pili haujaisha, chagua meza moja, yaani fani moja ya kazi, ambayo uko tayari kuikalia miaka mitatu ya kwanza ya kazi. Kisha kozi za hiari, mafunzo kwa vitendo na tasnifu, vyote vielekee huko. Masomo yaliyobaki yatakusaidia kuelewa meza za jirani, na hapo ndipo umeneja unapoanzia baadaye.

Wengi huchagua masoko au rasilimali watu wakidhani wamezikimbia hesabu. Hazikimbiliki. Afisa masoko ataulizwa kumpata mteja mmoja mpya kunagharimu kiasi gani, na mteja huyo huleta faida gani kabla hajahamia kwingine. Afisa rasilimali watu ataulizwa kwa nini bajeti ya mishahara imepanda ilhali idadi ya wafanyakazi ni ileile.

Chukua mada ambayo wengi huipitia juu juu: mtaji wa kuendeshea biashara. Tuseme kampuni inauza bidhaa ambazo gharama yake ni 1,000 kwa siku. Bidhaa hukaa stoo siku 60 kabla ya kuuzwa. Wateja huchukua kwa mkopo na kulipa baada ya siku 45. Kampuni nayo huwalipa wasambazaji wake baada ya siku 30. Jumlisha 60 na 45, toa 30: fedha ya kampuni iko nje kwa siku 75. Maana yake kuna 75,000 ambazo lazima zitoke kwa wenye kampuni au kwa benki, hata kama kila bidhaa inauzwa kwa faida. Mauzo yakiongezeka maradufu, pengo linafika 150,000. Ndiyo maana biashara inayokua kwa kasi inaweza kukosa fedha za mishahara huku hesabu zake zikionyesha faida nono. Mwanafunzi anayeweza kueleza hili, na kusema ni siku zipi za kubana kwanza (mimi ningeanza na zile za stoo, kwa sababu hazihitaji kumsumbua mteja wala msambazaji), ana cha kuzungumza mbele ya afisa mikopo yeyote. Kwa kweli anaweza kuwa ndiye afisa mikopo mwenyewe, maana kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni kuona pengo la namna hii kabla mkopaji hajaliona.

Meza inayodharauliwa kuliko zote ni ya ununuzi na ugavi, na naona huko ndiko mhitimu makini anakoonekana haraka. Fomula ya kiasi cha kuagiza kwa mkupuo mmoja, aliyoitoa mhandisi Ford W. Harris mwaka 1913, bado inafundishwa: zidisha mahitaji ya mwaka kwa gharama ya agizo moja, zidisha kwa 2, gawanya kwa gharama ya kutunza kipande kimoja kwa mwaka, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mahitaji yakiwa vipande 1,200, gharama ya agizo 50 na ya kutunza 3, jibu ni vipande 200, yaani maagizo sita kwa mwaka. Mtihani unaishia hapo. Kazini swali la kwanza ni hiyo 3 imetoka wapi. Inapaswa kubeba gharama za ghala, bima, bidhaa zinazoharibika, na riba ya fedha iliyolala kwenye mzigo. Riba ndiyo husahaulika zaidi. Ikiachwa nje, gharama ya kutunza inaonekana ndogo na fomula inakuambia uagize kupita kiasi. Halafu fomula yenyewe inachukulia kwamba mahitaji ni sawa mwaka mzima, kwa hiyo kwa bidhaa ya msimu itakupotosha.

Excel uijue kwa vitendo, si kwa cheti. Uweze kuunganisha majedwali mawili kwa XLOOKUP (fomula inayotafuta thamani kwenye jedwali jingine), kutengeneza pivoti (jedwali la muhtasari), na kusafisha data chafu: jina la mteja mmoja lililoandikwa kwa namna tatu, tarehe zilizohifadhiwa kama maandishi. Makadirio yote, kama kiwango cha riba au ukuaji wa mauzo, yakae mahali pamoja yanapoonekana. Mwanafunzi akiificha asilimia ndani ya fomula, siku asilimia hiyo ikibadilika atarekebisha seli moja na kuzisahau nyingine, na jedwali zima litadanganya kimyakimya.

Mafunzo kwa vitendo yanahitaji ujasiri kidogo. Ukinyamaza, wiki zote zitaishia kwenye fotokopi. Omba kazi moja yenye mwanzo na mwisho, kwa mfano kulinganisha daftari la fedha la mwezi mmoja na taarifa ya benki. Weka alama kwenye kila muamala unaoonekana pande zote mbili. Vinavyobaki huwa ni hundi zilizotolewa ambazo hazijafika benki, makato ya benki ambayo hayajaingizwa daftarini, fedha zilizoingia bila kujulikana zimetoka kwa nani, na makosa ya uandishi. Tofauti inayobaki ikigawanyika kwa 9 bila salio, shuku kwanza tarakimu zilizobadilishana nafasi: 540 ikiandikwa 450, tofauti ni 90. Ukimaliza kazi ya aina hii, wasifu wako hautasema tena "nilisaidia idara ya fedha", maneno ambayo mwajiri huyaruka. Utasema ulilinganisha miamala mingapi na ulibaini nini.

Kwenye tasnifu, nawaomba wanafunzi waachane na "athari za motisha kwa utendaji wa wafanyakazi" inayopimwa kwa hojaji walizojaza marafiki. Rafiki hujibu unachotaka kusikia, na msimamizi wako ameshaisoma kazi hiyo mara nyingi mno. Tafuta kampuni moja itakayokubali kwa maandishi kukupa kumbukumbu zake za miezi 24, ficha majina, kisha uchunguze jambo dogo: wateja wa aina gani huchelewa kulipa, na kwa siku ngapi. Kazi kama hiyo unaweza kuiweka mezani siku ya usaili.

Vyeti vya kitaaluma vifuate meza uliyochagua. ACCA ni ya uhasibu, CIPS ya ununuzi na ugavi, CFA ya uchambuzi wa uwekezaji, nayo ina ngazi tatu za mitihani. Kabla ya kulipia chochote, uliza shahada yako inakusamehe mitihani ipi, maana mhitimu asiyeuliza anaweza kulipa na kurudia alichokwisha kusoma. PMP ya usimamizi wa miradi inadai uzoefu wa kuongoza miradi, kwa hiyo anayetoka chuoni leo haimfai bado. Taasisi inayoitoa, PMI, ina cheti kingine, CAPM, kwa wanaoanza.

Na MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara? Harvard ilipoianzisha mwaka 1908 iliwalenga watu waliokwisha kuwa na shahada ya kwanza. Thamani yake kubwa naiona kwa mhandisi, daktari au mwanasheria aliyefika mahali pa kuongoza watu na bajeti bila kuwahi kusoma mizania. Aliyesomea usimamizi kwenye shahada ya kwanza akiingia MBA moja kwa moja atakutana tena na sehemu kubwa ya aliyoyasoma, tena bila mifano ya kazini ya kuchangia darasani. Ningemshauri asubiri angalau miaka mitatu ya kazi, na akirudi, atazame kwanza shahada ya uzamili ya fani moja: fedha, ugavi, au uchambuzi wa data.