Theluji si mvua iliyoganda
Nimesoma mwandishi mmoja akidai eti theluji ni mvua iliyoganda tu, kwa hiyo asiyeiona hajakosa kitu. Hapo mwandishi amekosea. Mvua ikiganda huwa punje ngumu za barafu; theluji ni mvuke uliogeuka moja kwa moja kuwa chembe zenye pembe 6, na ikiwa mpya sehemu kubwa yake ni hewa, ndiyo maana humeza sauti. Tangu utotoni nakwangua ile barafu laini nyeupe inayoota kwenye friza, naifinyanga kiganjani mpaka vidole vinakufa ganzi, nikiwaza siku nitakayoshika donge la theluji yenyewe. Nasikia ikiwa kavu sana haishikani, inataka baridi ya karibu nyuzi 0. Mliowahi kuichezea, ilipowagusa usoni mara ya kwanza mlihisi nini?