Klorini Haiui Kripto, na Kipimo Kimoja Hakimtakasi Nyoka

Nyoka wa kufugwa akitapika tu, washauri wanajipanga foleni. "Mpe dawa ya minyoo, osha tangi kwa klorini, subiri wiki mbili, atakuwa sawa." Wiki mbili zinapita, nyoka anameza panya mmoja bila kumrudisha, basi huyo kapona! Hatua inayofuata ni kumtangaza anauzwa, na picha ya karatasi ya maabara juu yake. Hivyo ndivyo kripto, kimelea cha tumbo la nyoka kiitwacho Cryptosporidium, inavyohama chumba hadi chumba, na bado ushauri huohuo unapigiwa makofi.

Nianze na klorini, maana hapo ndipo tunapojidanganya kwa raha. Cryptosporidium serpentis hutoka mwilini mwa nyoka kwa kinyesi na kwa matapishi, ikiwa ndani ya oosisti, kifuko cha mikroni 6 hivi chenye ganda gumu. Kikitoka tu kiko tayari kuambukiza. Hakingoji kukomaa nje kama koksidia wengi, yaani vimelea wa utumbo wa ukoo wake. Ganda hilo ndilo linaloicheka klorini. Ndugu zake wanaowaambukiza binadamu huishi zaidi ya siku 7 kwenye bwawa la kuogelea lililotiwa klorini ipasavyo. Mwaka 1993, katika mji wa Milwaukee huko Marekani, watu wapatao 400,000 waliugua kwa maji ya bomba yaliyokwishatiwa klorini. Mji mzima na mitambo yake! Halafu mtu mwenye ndoo na kifuniko kimoja cha dawa anatuhakikishia tangi lake ni salama. Linanukia usafi, sikatai. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kinachoiua ni joto, ukavu na muda. Toa matandiko yote, yafunge kwenye mfuko, yatupe, usiyamwage bustanini. Magogo, magome, mapango ya mbao, mimea: tupa, usibembeleze, maana kitu chenye vinyweleo hakisafishiki. Vinavyobaki, yaani kioo, plastiki ngumu, bakuli la maji na koleo, visugue kwa sabuni na maji ya moto mpaka utando wote uondoke. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanamwaga dawa juu ya uchafu, na uchafu huo unaikinga oosisti dhidi ya kila kitu kinachofuata. Vyombo vinavyohimili, vichemshe dakika 10. Tangi kubwa lipitishe mashine ya mvuke, polepole, ncha ikiwa karibu kabisa na uso. Mvuke unaopita mbiombio hulowanisha tu, wakati unachotaka ni uso ufike nyuzi 65 za Selsiasi au zaidi na ubaki hapo dakika kadhaa. Usisahau maungio ya silikoni na reli za milango ya kioo. Kisha liache likauke kabisa, siku kadhaa, mlango wazi.

Ukilazimika kutumia kemikali, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 6 ikilowanisha uso kwa dakika 20 inafaa baada ya kusugua. Amonia ya asilimia 5 nayo inafanya kazi, ila kwa saa 18. Saa, si dakika, tena mahali ambapo hakuna mtu wala mnyama anayeivuta. Na amonia isikutane na klorini kamwe: gesi inayotoka itaharibu mapafu yako wakati kimelea hakijaguswa. Vitakasa mikono vya spiriti ni mapambo tu. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, yaisombe oosisti.

Sasa ile karatasi ya maabara. Nyoka hutoa oosisti kwa vipindi. Leo zipo, wiki ijayo hazipo, na yeye bado mgonjwa. Wapo wanaoonekana wazima kabisa na wanaambukiza kwa miaka. Kwa hiyo jibu hasi la choo kimoja halithibitishi chochote. Sampuli yenye maana ni matapishi yenyewe, hasa ule ute unaolifunika windo, au maji ya kuoshea tumbo yanayochukuliwa na daktari takribani siku 3 baada ya nyoka kula. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kimelea, kinaona zaidi ya hadubini, na kipande cha ukuta wa tumbo kinaona zaidi ya vyote. Chukua sampuli zisizopungua 3, wiki kadhaa kati ya moja na nyingine, huku nyoka akiwa karantini siku 90 kwa uchache.

Upande wa pili nao una mtego. Panya ana kripto zake, na oosisti zake hupita kwenye utumbo wa nyoka bila kumdhuru. Maabara ikikujibu "ipo" bila kutaja spishi, rudi ukaulize. Nyoka wazima wameuawa kwa kosa la chakula chao.

Haya, nakubali shingo upande: si kila tapishi ni kripto. Tangi la baridi, windo kubwa mno, au kumshikashika nyoka kabla ya saa 48 kupita baada ya mlo, vyote humfanya arudishe. Mpumzishe siku 10 hadi 14, rekebisha joto, mpe windo nusu ya kawaida. Akitapika tena siku chache baada ya kula, akakonda ilhali ana hamu ya chakula, ukamwona na uvimbe katikati ya mwili, acha kubahatisha. Uvimbe huo ni ukuta wa tumbo ulionenepa, na haunyooki tena.

Dawa? Fenbendazoli, ile dawa ya minyoo, na metronidazoli, dawa ya vimelea na bakteria, hazigusi kitu. Paromomaisini, aina ya antibiotiki, inaweza kupunguza oosisti zinazotoka, na ndiyo maana inawazalisha "waliopona" wengi namna hii.

Mgonjwa ahudumiwe wa mwisho kila siku, kwa koleo lake, ndoano yake na bakuli lake. Panya aliyemkataa hapewi nyoka mwingine, anatupwa. Nzi na mende wadhibitiwe, maana wanabeba oosisti kwa miguu. Kumwachia porini ni ukatili kwa nyoka wa porini, na kumgawa "kwa anayependa changamoto" ni uhuni.

Mwenye nyoka wengi, ushauri wangu ni mchungu: mgonjwa aliyethibitishwa alazwe usingizi wa moja kwa moja na daktari wa mifugo, kwa nusukaputi kwanza kisha sindano. Friza si njia, ni mateso. Mwenye nyoka mmoja tu, asiye na mtambaazi mwingine nyumbani, asiyezalisha wala kutembelea wafugaji wenzake, anaweza kubaki naye maadamu mnyama hateseki. Siku akifa, mwili uwekwe kwenye jokofu bila kugandishwa, upelekwe upasuliwe mapema. Ukuta wa tumbo ndio utakaokueleza kama kuna watu uliowauzia vifaranga wake ambao inakupasa kuwapigia simu.