Krete: kukodi gari au kupanda basi?

Wanaopanga likizo katika kisiwa cha Krete, Ugiriki, hubishana mapema kuhusu usafiri. Kuna wanaosema bila gari hujakiona kisiwa, na kuna wanaosema mabasi yanatosha, gari ni kutupa pesa. Wote wana hoja, ila kila mmoja anazungumzia pande zake za kisiwa.

Krete ina urefu wa kama kilomita 260 kutoka mashariki hadi magharibi, na katikati ni milima mitupu. Miji mikubwa, yaani Heraklion, Rethymno, Chania na Agios Nikolaos, yote iko pwani ya kaskazini, na barabara kuu moja inaiunganisha. Ukilala huko, basi linakufaa kuliko gari. Heraklion hadi Chania ni mwendo wa karibu saa tatu, na magofu ya Knossos yako kilomita 5 tu kutoka Heraklion. Miji ya kale ya Chania na Rethymno ni vichochoro vitupu: mwenye gari ataegesha mbali na kuburuta mabegi. Cha kuangalia ni kwamba kampuni za mabasi ya KTEL ni mbili, moja ya Chania na Rethymno, nyingine ya Heraklion na Lasithi (mkoa wa Agios Nikolaos), kwa hiyo ratiba zitafutwe kila moja mahali pake.

Kwenye Korongo la Samaria, gari ni kikwazo kabisa. Unaanzia juu, Omalos, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, unateremka kama kilomita 16 kwa miguu hadi Agia Roumeli, kijiji cha pwani kisichofikiwa kwa barabara. Hapo unapanda boti hadi Sougia au Chora Sfakion, kisha basi la kurudi Chania. Aliyeacha gari Omalos ana safari nyingine ya kulifuata, na magoti yameshachoka.

Kusini mambo hugeuka. Vijiji vingi vya huko hupata basi moja au mawili kwa siku. Likikupita, umelala huko. Ufukwe wa Elafonisi unafikika kwa basi msimu wa kiangazi, lakini unafika pamoja na umati na kuondoka kwa saa ya basi. Mwenye gari aliyetoka Chania alfajiri anapata maji matulivu na mchanga mtupu. Kwa familia yenye watoto, hoja hiyo peke yake inatosha.

Hasara za gari huanzia kwenye mkataba. Bima nyingi, hata zinazoitwa kamili, hazilipii uharibifu wa matairi, vioo na sehemu ya chini ya gari, na hukoma kabisa ukiingia barabara ya vumbi. Njia ya kwenda ufukwe wa Balos ni ya vumbi na mawe, na jiwe moja likitoboa sampu ya oili (chombo cha oili chini ya injini), bili yote ni yako. Balos iendewe kwa boti kutoka Kissamos. Piga picha za gari, rimu na chini ya bampa zikiwemo, kabla ya kusaini. Dhamana kwa kawaida huzuiwa kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe.

Anayetoka Tanzania au Kenya ana la ziada: Ugiriki huendesha kulia. Barabarani kwenye msururu utafuata wenzako. Makosa hutokea ukitoka kwenye maegesho asubuhi, barabara ikiwa tupu, mkono ukikupeleka kushoto. Magari ya otomatiki ni machache na ghali zaidi, hivyo yawekwe mapema. Leseni ya kimataifa ichukuliwe nyumbani, na gari liwekwe kwa masharti ya kughairi bure mpaka viza ya Schengen itoke.

Kwa wiki moja, tungeshauri siku nne za basi kaskazini, Samaria ikiwemo, halafu gari siku tatu za mwisho kwa ajili ya kusini, ukilirudisha ulikolichukulia ili usitozwe ada ya kuliacha mji mwingine. Jaza tangi kabla ya kupanda milimani, kwani vituo vya mafuta huko ni vya kuhesabu. Mpango huu ni wa Mei hadi Oktoba. Baada ya hapo Samaria hufungwa, ratiba za mabasi hupunguzwa, na gari ndilo linalobaki kuwa chaguo la maana.