Nyota 34 kwa Usiku Mmoja

Najua jamaa yangu ameshawasimulia kwamba juzi niligundua nyota pacha 31, zile zinazoonekana moja kumbe ni mbili. Mwongo huyo. Zilikuwa 34.

Mnanijua nilivyo na ugonjwa wa nyota pacha majira haya ya joto. Nikajilaza kwenye kiti cha kukunja, darubini ya macho mawili usoni, nikaanza na Epsilon Lyrae, pale jirani na Vega, nyota ile inayong'aa sana. Kwa darubini ya mkononi huwa mnaziona mbili tu. Kuona kwamba kila moja nayo ni mbili kunataka teleskopu ya kukuza kama mara mia. Mimi nikaona nne. Nne! Na mikono inatetemeka!

Nikahamia nyota ya Albireo: za dhahabu mbili, za buluu mbili. Vega yenyewe: mbili. Hapo mwenye akili angeshtuka. Mimi nikatafuta kalamu. Mwanaastronomia Herschel mwaka 1782 alitoa orodha ya nyota pacha 269 baada ya kukesha weee. Mimi nusu saa tu, 34. Nikawatumia ujumbe: "Msinipigie, niko kwenye ugunduzi." (Chekeni, nawasubiri.)

Jamaa akaja. Akashika daftari, akamulika kwa tochi nyekundu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kimya. Akachukua darubini, akatazama, akairudisha.

"Mbona mapacha wote wamelala upande mmoja?"

Nikamjibu, Mungu anisamehe, kwamba huenda ni mzunguko wa galaksi.

"Elekea Vega. Funga jicho la kushoto."

Nikafunga. Moja.

"Fungua."

Mbili.

"Funga."

Moja.

Nikaendelea mwenyewe, nafunga, nafungua, kama mara kumi hivi, nikiomba Vega inionee huruma. Pembeni nikasikia kiti cha mwenzangu kinalia nyii, nyii, nyii. Alikuwa anacheka kimya kimya, kaung'ata ukosi wa shati.

Ndipo nikakumbuka: jioni ile darubini iliniponyoka, ikashuka ngazi tatu. Niliipangusa vumbi, nikaiona nzima. Kumbe prizimu, kile kioo cha ndani kinachopinda mwanga, ya upande mmoja ilishahama, kila jicho likawa na picha yake.

Darubini iko kwa fundi. Daftari analo jamaa, halitoi. Ujumbe niliufuta, mkawa mmeshaupiga picha.

Halafu jamani, Albireo ni mbili kweli. Epsilon pia. Hizo mbili nihesabieni.