SJUMAMA JUMAmtazama JUMA

Kompyuta iliniambia imebadilisha mahali 214, nami nikaisifu kwa bidii yake. Hesabu ndogo tu ingeniokoa: skripti ya kurasa 10, mhusika mmoja anayeitwa Ali, atatajwaje mara 214? Hata mtoto mtundu haitwi namna hiyo. Lakini zilikuwa zimebaki dakika 15 kipindi kianze, na printa ya chuo haikosi foleni.

Mkasa ulianzia kwa mwenzangu mmoja wa darasani, naye ni Ali. Alipata habari kwamba Ali wa kwenye skripti yangu anaachwa na mpenzi wake stesheni, analia kurasa 3 mfululizo. Na kwa kuwa kwenye skripti ukurasa 1 huhesabiwa kama dakika 1 ya filamu, akapiga hesabu: dakika 3 za machozi kwa jina lake.

"Kaka, nitoe humo," akasema. "Watanicheka mpaka nihitimu."

Nikamwambia hilo ni jambo la sekunde. Mhusika sasa ataitwa Juma.

Na kweli likawa jambo la sekunde. Kwenye skripti, jina la mhusika hukaa kwa herufi kubwa juu ya maneno anayosema, lakini ndani ya mazungumzo linabaki na herufi za kawaida. Ili nisimkose popote, nikaiambia mashine isijali kubwa wala ndogo: kila penye "ali", weka "JUMA". Badilisha zote. Nikahifadhi, nikafunga, nikachapa nakala 8, nikazibana pini. Sikusoma hata mstari mmoja. Nilichokagua ni fonti tu, maana mwalimu wetu ana ugonjwa wa Courier ya ukubwa wa 12. Ukimletea nyingine anakurudishia hapo hapo, eti hesabu ya ukurasa na dakika imeshavurugika. Courier ilikuwepo, tena imenyooka.

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu ya kusomewa. Wenzako wanazunguka meza, kila mmoja anapewa mhusika, mmoja anasoma maelezo ya matendo. Wewe mwenyewe hufungui mdomo. Unakaa kusikiliza kazi yako ikitoka kwenye vinywa vya watu, na hapo ndipo unapojua sentensi ipi ilizaliwa mfu. Maelezo ya matendo akapewa nani? Ali. Akakohoa, akavaa sauti ya msoma taarifa ya habari.

"Nje. Stesheni. Jumamosi asubuhi."

Safi kabisa. Nikajiegemeza kwenye kiti.

"Juma..." akasita. "Jumaingia."

"Ni Jumamosi au ni Jumaingia?" mwalimu akauliza.

"Imeandikwa Jumaingia, Mwalimu. Halafu kuna Jumakaa. Halafu Jumalia."

"Wiki ina siku ngapi humo?"

Dada aliyepewa nafasi ya Salima alikuwa anapekua nakala yake mbele na nyuma. "Samahani, mimi Salima simwoni. Kuna mtu anaitwa... Sijumama? Ndiye mimi?"

Nikachungulia karatasi, masikio yakaanza kuwaka. S, ALI, MA. Kumbe Salima alikuwa amembeba Ali tumboni tangu ukurasa wa 1, na mimi niliyemwumba sikuwahi kumwona.

Ali hakuwa na huruma. Aliendelea kwa sauti ile ile ya habari: "Sjumama jumamtazama Juma kwa mbjuma, macho makjuma."

Mtu mmoja alitoka kwenda kumalizia kicheko chake koridoni. Ila kijana aliyepewa Juma hakutikisika. Huyu ni mtu wa jukwaani, anaichukulia kazi kwa uzito wote. Akaweka mkono kifuani, akashusha pumzi: "Sjumama, tafadhjuma. Nikubjumae." Alivyoivuta ile "nikubjumae" hadi ikataka kulia yenyewe, nakiri, kidogo nami niguswe.

Skripti ya dakika 10 ilisomwa dakika 40, na mwisho hatukufika.

Nilidhani mwalimu atacheka yaishe. Alicheka, akafuta miwani, kisha akatoa kalamu nyekundu. "Nina swjuma moja. Hawa Juma waliodandia vitenzi wametokea wapi?"

Nikamweleza kwamba ni alikaa, alilia, aliingia.

"Ahaa."

Ile "ahaa" ndiyo iliyoniumiza kuliko kicheko. Wiki ya 2 tu alitufundisha kwamba maelezo ya matendo huandikwa kwa wakati uliopo: anaingia, anakaa, analia. Mtazamaji analiona jambo likitendeka mbele yake, hasimuliwi. Nilitikisa kichwa siku hiyo, nikaandika daftarini, nikapigia mstari, halafu nikaenda kuandika kama mtu wa hapo zamani za kale. Ningefuata somo, Juma angejificha kwenye maneno machache tu. Sasa kila kosa langu lilikuwa limevaa herufi kubwa 4. Ukurasa wa kwanza peke yake ulirudi na duara nyekundu 19.

Usiku nikakaa kurekebisha. Nakala ya zamani sikuwa nayo. Nikawaza kitaalamu: nirudishe kila "JUMA" kuwa "ali", maneno yatapona, kisha nipite kitenzi kimoja kimoja nikikiweka wakati uliopo, na mhusika nimpe jina la Hamza kwa mkono. Kwa mkono, nasisitiza. Salima akarudi, mbali ikarudi, tafadhali ikarudi. Kufika saa 8 usiku hapakuwa na "alikaa" hata moja iliyobaki hai.

Wiki iliyofuata Ali akajitolea mwenyewe kusoma maelezo. Akakohoa.

"Nje. Stesheni." Akanyamaza, akaisogeza karatasi karibu na uso. "Alimosi asubuhi."

Nikafumba macho. Ukurasa wa 6 Salima anaahidi kurudi Ijumaa, na tayari nilishajua kwamba angerudi Ialia.

Ali akaiweka karatasi mezani taratibu. "Kaka, mimi niliomba unitoe kwenye skripti. Wewe umeniingiza kwenye kalenda."